Isikilize stata kabla hujaifungua

Pikapu ya zamani ikianza kukwaruza wakati wa kuwashwa, hukumu huwa imeshatolewa kabla haijafika gereji: stata imekwisha, itafutwe nyingine. Kuanzia Pasua na Njoro mjini Moshi hadi Himo, Mwika na Tarakea, hukumu hiyo hutoka upesi kwa sababu stata ndiyo inayopiga kelele, na anayepiga kelele ndiye anayeshukiwa. Mwenye gari hununua stata ya mtumba, hufungiwa, kelele hupungua kwa majuma kadhaa, kisha hurudi ileile au mbaya kuliko ya kwanza. Hapo lawama humwangukia muuza spea. Ninachotetea hapa ni kwamba mara nyingi hukumu ile na lawama hii zote zimekosea, kwa kuwa hakuna aliyeuliza maswali mawili ambayo kelele yenyewe ilikuwa tayari inayajibu: inatokea lini, na inatokea injini ikiwa imesimama mahali gani. Stata ni shahidi wa mfumo mzima wa kuwashia gari, tangu betri hadi meno ya flaiwili, na shahidi huhojiwa kabla ya kufukuzwa.

Suala hili lina uzito wake hasa kwenye mitelemko ya Kilimanjaro, ambako pikapu zenye umri mkubwa bado zinafanya kazi ya kila siku. Land Rover 109 ina wapenzi wengi kaskazini mwa nchi. Oktoba 2024 mamia ya Land Rover za kila umri zilikusanyika Arusha kwa tamasha lao. Lakini Uchagani gari la aina hiyo, au Toyota Stout, au Peugeot 404 yenye bodi ya nyuma iliyochomelewa mara nyingi, si la maonyesho. Hushusha mikungu ya ndizi hadi masoko ya Mbuyuni na Kiborloni, kisha hupandisha mabua na majani kutoka mashamba ya tambarare kwa ajili ya ng'ombe wanaofugwa zizini katikati ya vihamba, yaani mashamba yanayozunguka nyumba. Hii ni kazi ya kusimama na kuwasha, kusimama na kuwasha, nyumba kwa nyumba. Lori linalotoka Dar es Salaam huenda likawashwa mara chache tu njia nzima. Pikapu ya kijijini huwashwa mara hizo kabla ya saa nne asubuhi. Kila kuwasha ni pigo moja zaidi kwa meno, kwa brashi na kwa betri.

Baridi nayo ina sehemu yake. Mji wa Moshi uko kwenye mwinuko wa mita 800 na zaidi kidogo kutoka usawa wa bahari. Lango la hifadhi la Marangu liko juu ya mita 1,800. Kwa kila mita 1,000 za kupanda, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6, na usiku wa Juni au Julai tofauti hiyo huingia hadi ndani ya betri. Betri ya asidi ikipoa hutoa umeme kwa uzito, wakati huohuo oili ndani ya injini imekuwa nzito na inadai nguvu zaidi ili izunguke. Stata imebanwa kati ya betri iliyopungukiwa na injini inayodai zaidi. Ikilalamika alfajiri na kunyamaza mchana, huo tayari ni ushahidi, na ushahidi huo hauanzi kwa kuituhumu stata.

Ili kuuelewa mlio ni lazima kuelewa kazi. Kabla ya 1912, mwaka ambao kampuni ya Cadillac ya Marekani ilitoa gari lenye stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering, injini ziliwashwa kwa hendeli, na watu wengi walivunjika mikono. Wazo lililookoa mikono hiyo halijabadilika: mota ndogo yenye nguvu nyingi za muda mfupi, pinioni yenye meno machache mwishoni mwa shafti yake, na ringi kubwa ya meno kuzunguka flaiwili. Pinioni huuma ringi, huizungusha, injini ikiwaka hujiondoa. Mota hiyo ndogo hunywa umeme kuliko kitu kingine chochote ndani ya gari. Kwa injini ya petroli ya silinda nne ni ampia 150 au 200, na kwa dizeli ni zaidi ya hapo. Kwa sababu hiyo haikuundwa kufanya kazi kwa zaidi ya sekunde kumi hivi mfululizo, na dereva anayeishikilia nusu dakika huku akiomba Mungu anaipika.

Tofauti ni namna pinioni inavyofika kwenye ringi, na hapa ndipo fundi asiyejua aina ya stata aliyonayo mkononi huanza kupotea. Land Rover nyingi za petroli za toleo la tatu, lile lililotengenezwa kati ya 1971 na 1985, zina stata ya Lucas ya aina ya kurusha. Shafti ikianza kuzunguka ghafla, pinioni iliyokaa juu ya hesi za mviringo hurushwa mbele kwa mkupuo na kuingia kwenye ringi. Mafundi huuita mkusanyiko huo bendeksi, kwa jina la mwenye ubunifu huo, Vincent Bendix. Za dizeli, pamoja na magari mengi ya Kijapani, zina stata inayosukuma pinioni kwanza: solenoidi iliyo mgongoni mwake huvuta uma, uma husogeza pinioni hadi iume, ndipo umeme mkubwa unaruhusiwa kuingia kwenye mota. Stata ya kurusha ikiwa nzima kabisa hutoa mgongano wa chuma unaosikika waziwazi. Kwa dereva aliyezoea gari la kisasa mgongano huo ni ugonjwa. Kwa stata hiyo ndiyo sauti ya uzima. Nina hakika zipo stata nzuri zilizoishia kwenye vyuma chakavu kwa kosa hilo pekee.

Sasa tulichukue swali la kwanza, la lini. Kelele inaweza kutokea kabla injini haijaanza kuzunguka, wakati wa kuuma au kuzunguka, au baada ya injini kuwaka, na kila wakati una mkosaji wake. Inayotokea kabla, ile tik-tik-tik ya haraka huku injini imetulia tuli, ni solenoidi inayovuta na kuachia. Huvuta, njia ya umeme mkubwa hufunguka, volti huporomoka kwa sababu betri ni dhaifu au waya umeshika kutu, solenoidi hukosa nguvu ya kushikilia na kuachia. Volti hupanda tena, nayo huvuta tena. Anayebadilisha stata kwa sababu ya mlio huo anamtibu mgonjwa asiyeumwa. Washa taa kubwa, piga stata, tazama taa. Zikififia karibu kuzimika, umeme haupo wa kutosha, au unapotelea njiani, au mota imekwama na inaunywa wote. Zikibaki na mwanga wake ule ule na ukasikia tak moja tu, umeme haufiki kwenye mota: sahani za shaba ndani ya solenoidi zimeungua, au brashi zimekwisha.

Mita ya kawaida ya fundi umeme humaliza ubishi uliobaki. Betri nzima iliyopumzika husoma volti 12.6, wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 9.6 hivi. Kisha weka ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi ya betri na nyingine kwenye mwili wa stata, mwenzako apige stata. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti, waya wa athi ndio unaokula umeme. Kwenye pikapu ya zamani mimi ningeanzia hapo kila mara. Injini imekalia mpira, kwa hiyo umeme wake wa kurudi hutegemea mkanda mmoja wa waya kati yake na chesisi, mkanda unaolowa matope ya masika tangu Machi hadi Mei na vumbi jekundu miezi mingine. Land Rover ina shida ya ziada: bodi yake ni ya aluminiamu na chesisi ni ya chuma, na metali hizo mbili zikigusana palipo na unyevu, moja huila nyingine. Asiye na mita ana mkono wake. Baada ya majaribio mawili au matatu, gusa vichwa vya betri na viungo vya waya mnene. Kiungo chenye moto kuliko vingine ndicho kinachozuia umeme.

Kuna desturi ya kuigonga stata kwa spana au nyundo ili iamke. Mara nyingi huamka kweli, na dereva huona tatizo limekwisha. Mimi naona amepata taarifa na kuitupa. Stata inayoamka kwa kugongwa ina brashi fupi zisizofikia kometa, ile pete ya shaba inayopokea umeme, au sahani za solenoidi zilizoungua upande mmoja. Zote hubadilishwa bila kununua stata nzima. Na kwenye stata mpya zaidi zinazotumia sumaku za kudumu badala ya koili, kugonga ni hatari yenyewe, kwani sumaku hizo hupasuka na vipande vyake hukwama kwenye amecha, kiini kinachozunguka ndani ya mota.

Kuna mlio mwingine: stata inazunguka kwa kasi, inavuma, lakini injini haiguswi. Kwenye stata ya kurusha sababu ya kawaida ni uchafu kwenye hesi za bendeksi. Pinioni inatakiwa iteleze yenyewe. Ikishikwa, shafti huzunguka ndani yake bure. Na hapa nia njema imeharibu stata nyingi. Fundi huifungua, huikuta kavu, huihurumia na kuipaka grisi. Vumbi la barabara za Uru na Kibosho, pamoja na unga wa sahani ya klachi unaozunguka mle ndani, hunata kwenye grisi hiyo na kuwa kama sandapepa laini. Bendeksi ya aina hiyo husafishwa kwa mafuta ya taa na brashi, hukaushwa, ikabaki kavu au na tone la oili nyepesi sana. Kwenye stata ya solenoidi, mvumo huo wa bure kwa kawaida ni klachi ndogo ya upande mmoja ndani ya pinioni iliyochoka na kuteleza. Hiyo hurekebishwa kwa pinioni mpya tu. Mota haina kosa.

Tumefika kwenye mkwaruzo wenyewe, ule wa chuma kusaga chuma unaomfanya jirani afungue dirisha. Hapa swali la pili, la wapi, lina thamani kuliko vipimo vyote. Injini ya silinda nne haisimami popote inapotaka. Ukizima, huendelea kuzunguka kwa nguvu iliyobaki mpaka ikutane na mgandamizo ambao haiwezi kuushinda, na migandamizo hiyo huja kila nusu mzunguko. Matokeo yake flaiwili husimama karibu kila mara kwenye moja ya sehemu mbili zinazotazamana, na pinioni huanza kuuma kwenye meno yale yale, miaka ishirini, miaka arobaini. Ringi haichakai kwa usawa; hulika sehemu mbili huku nyingine zikibaki na ncha kali kama za kiwandani. Ndiyo maana pikapu hukwaruza Jumatatu, ikawaka vizuri Jumanne, ikakwaruza mara mbili Jumatano, na mwenye gari akaapa kwamba ina mashetani.

Kipande cha chaki kinatosha kulichunguza hilo. Piga alama juu ya puli ya krankishafti mbele ya injini, na alama nyingine kwenye kitu kisichozunguka karibu nayo. Kwa siku chache, kabla ya kila kuwasha, tazama alama ya puli imesimama upande gani, na andika kama gari limewaka kimya au limekwaruza. Kelele ikija kila mara alama ikiwa mahali pamoja, au mahali pawili panapotazamana, ringi ya flaiwili imelika. Ikija popote alama iwapo, mkosaji ni kitu kinachokuwepo kila mara: meno ya pinioni, bushi ya mbele iliyopanuka, au bolti za stata zilizolegea. Kwa Land Rover ya zamani na Peugeot 404 jaribio ni rahisi zaidi, kwa kuwa magari hayo yaliachiwa nafasi ya hendeli mbele. Ikikwaruza, zima, gari likiwa fri na magurudumu yamewekewa mawe, zungusha injini robo mzunguko kwa hendeli, piga tena. Ikiwaka kimya, umepata jibu kabla hujashika spana. Asiye na hendeli aingize gia ya juu na kulisukuma gari hatua moja, uwanja ukiwa tambarare.

Kisha, na kisha tu, ndipo stata ishushwe, waya wa athi wa betri ukiwa umeshatolewa. Na ikishushwa isikimbizwe kwenye meza. Tundu lililobaki ni dirisha la kuangalia ringi. Mmoja amulike tochi, mwingine azungushe injini polepole, na kila jino lipite mbele ya macho. Utaona sehemu iliyonona na sehemu iliyoliwa. Utaona jino lililovunjika kama lipo. Kazi hii haihitaji kushusha gia boksi. Tazama pia pale stata inapokalia: rangi na kutu kati ya stata na nyumba ya flaiwili huzuia umeme wa kurudi, na tundu la bolti lililopanuka huiacha stata ikae upande, ikiuma kwa pembe. Barabara za changarawe zenye mashimo hulegeza bolti hizo taratibu. Mkwaruzo uliokwisha kwa kukaza bolti mbili ni aibu kwa aliyekwisha kulipia stata nyingine.

Mngurumo mzito wakati injini inazunguka, tena kwa uvivu, huelekeza kwenye bushi. Bushi zikiisha, amecha hushuka na kusugua koili za pembeni. Ukifungua utaona mstari unaong'aa kama uliopigwa msasa. Hiyo kweli ni stata, na bushi ni kitu kidogo ambacho fundi wa mashine mwenye mashine ya kukereza anaweza kukitoa kwenye shaba nyeusi hapohapo mjini.

Kelele ya mwisho ndiyo ya kuogopwa kuliko zote: mlio mkali unaoendelea baada ya injini kuwaka. Pinioni imekataa kutoka. Ringi ina meno mara kumi au zaidi ya yale ya pinioni, kwa hiyo injini ikizunguka mara 1,500 tu kwa dakika, stata hulazimishwa kwenda mara 15,000 au kupita. Klachi ya upande mmoja ipo kuzuia hilo. Ikikwama, waya za amecha hutoka kwenye mifereji yake na stata hufa kwa dakika chache. Sababu huwa ni springi ya kurudishia iliyochoka, sahani za solenoidi zilizogandana, au swichi ya ufunguo isiyorudi. Angalia jinsi zilivyo mbalimbali: ya tatu iko kwenye dashibodi, mita nzima mbali na stata. Ukifunga stata mpya na kuiacha swichi hiyo, umeiandalia kaburi.

Wapo watakaosema haya yote ni ya mtu mwenye muda. Stata ya mtumba hupatikana, kuifunga ni kazi ya saa moja, na mwenye pikapu anapoteza soko kila saa gari linapokuwa gereji. Hoja hii ina nguvu na siidharau. Lakini hesabu yake ni fupi. Pinioni nzima ikikutana na ringi iliyoliwa hukwaruzwa nayo mpaka ifanane nayo, na pinioni mbovu ikiachwa huila hata sehemu nzuri ya ringi. Anayebadilisha stata bila kutazama ringi ananunua stata ya tatu tayari. Majaribio niliyoyataja, taa, mita, chaki, hendeli na tochi, kwa pamoja hayafiki hiyo saa moja ya kufunga, isipokuwa chaki inayotaka subira ya siku chache huku gari likiendelea na kazi zake.

Historia yetu yenyewe inajibu sehemu ya hoja hiyo. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 nchi ilikosa fedha za kigeni, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 spea zilikuwa adimu kama sukari. Mlango ulianza kufunguka 1984, watu waliporuhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe. Kabla ya hapo fundi aliyesema "tafuta stata nyingine" alikuwa hajasema kitu, kwa sababu nyingine haikuwepo. Alilazimika kujua kipande kipi hasa kimeharibika, kukitengeneza kipande hicho na kukiacha kingine. Siutamani uhaba ule, uliwatesa watu. Lakini ulilazimisha utambuzi wa ugonjwa, na wingi wa spea wa leo umeuondoa ulazima bila kuondoa haja.

Pingamizi la pili ni la mlima wenyewe: kwa nini kuhangaika na stata palipo na mteremko? Egesha gari pua ikitazama chini, achia, weka gia ya pili, stua. Madereva wengi wa vijijini huishi hivyo kwa miezi. Napinga kwa nguvu zote. Gari la kustuliwa linalazimika kuegeshwa mteremkoni kila siku, likiwa na mzigo, kwenye njia ambazo watoto wanapita kwenda shule. Handibreki ya Land Rover ya zamani haishiki magurudumu. Inashika shafti inayotoka gia boksi, kwa hiyo gurudumu moja la nyuma likikosa mshiko kwenye matope, difu huliruhusu jingine lizunguke na gari linaondoka. Kwa magari yenye breki za kusaidiwa na hewa ya injini, injini ikiwa haijawaka msaada huo haupo, na dereva hugundua hivyo akiwa tayari ameachia. Injini ikikataa kustuka mita hamsini za kwanza, dereva anaendesha tani moja na nusu ya chuma na ndizi kwa nguvu ya mguu wake pekee.

La tatu ni kwamba sikio hudanganya, na fundi wa kweli hutumia mashine. Sikio likiachwa peke yake hudanganya, ndiyo, na kwa sababu hiyo milio mingi nimeitaja pamoja na kipimo cha kuithibitisha. Mlio huchagua kipimo, kipimo huamua. Wanafunzi wa umeme wa magari katika vyuo vya VETA hufundishwa kupima volti inayopotea njiani. Tatizo ni kwamba mwanafunzi huyo akifika gereji ya mtaani hakuna anayemlipa kwa kupima. Analipwa kwa kubadilisha. Mteja humwona aliyesikiliza dakika ishirini na kukaza bolti mbili kuwa hajafanya kazi, na aliyemuuzia stata kuwa amefanya. Mradi malipo yako hivyo, fundi mwaminifu anaumia na wa kubahatisha anastawi. Wenye magari ndio wanaoweza kuligeuza hilo: kubaliana na fundi bei ya kupima kabla hajagusa spana, mlipe hata kama jibu ni waya wa athi, na umwombe akuonyeshe kwa mita alichokiona.

Linabaki swali la ringi, ambalo ndilo gumu kweli kwa mfuko. Kuibadilisha kunataka gia boksi itoke, na kwenye Land Rover 109 hutoka kwa juu kupitia kebini, baada ya kung'oa sakafu na boksi la viti; ni kazi ya siku nzima au zaidi. Ringi mpya hupashwa moto mpaka itanuke, ikavishwa kwenye flaiwili na kuachwa ibane inapopoa. Ringi ya zamani isiyovunjika meno inaweza kutolewa na kuvishwa upya ikiwa imegeuzwa robo mzunguko, ili sehemu nzuri zije pale injini inapopenda kusimama; upande wa meno ulionyolewa ncha, pinioni inapoingilia, lazima ubaki upande ule ule. Hakuna haja ya kukimbilia kazi hiyo mwezi huu. Mwenye gari anayejua kwamba ni ringi, na anayejua imelika sehemu gani, anaweza kuzungusha injini robo kwa hendeli kila inapokwaruza na kuendelea kubeba ndizi zake. Siku klachi itakapofikia kubadilishwa, gia boksi itatoka kwa vyovyote vile, na ringi ifanywe siku hiyo pamoja na pinioni mpya.